Nisome kozi gani niajiriwe kulea watoto?

SWALI

Assalaam alaykum, Bibi. Mimi ni msichana wa miaka 22, nakaa Wete, Pemba. Kidato cha nne nilipata divisheni 4: Kiswahili C, Dini ya Kiislamu C, Kiarabu D, Historia D, Baiolojia D, yaliyobaki yote F. Tangu hapo niko nyumbani nawalea watoto wawili wa dada yangu, yeye anafanya kazi Chake Chake. Kazi ya watoto naipenda na nataka niisomee niajiriwe. Kuna kituo mjini Unguja kina kozi ya ulezi ya miezi mitatu, wanasema ukimaliza wanakutafutia kazi hotelini au Oman. Rafiki yangu ananambia nisome cheti cha mwaka mmoja. Mwalimu wangu wa zamani anasema niende diploma ya ualimu wa maandalizi. Kaka yangu amekubali kunilipia, lakini kasema ni mara moja tu. Nichague ipi? Na hii miaka niliyolea watoto wa dada inahesabika popote?

JIBU

Waalaykumu salaam, mwanangu.

Nianze na matokeo yako. Umeyataja mbio mbio kama mtu anayetaka yapite yasionekane, na kumbe ndiyo yanayofungua mlango. Vyuo vinavyotoa vyeti chini ya NACTVET, lile Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, kwa kawaida humtaka mwombaji wa kidato cha nne awe amefaulu masomo manne yasiyo ya dini, na D inahesabiwa kuwa ni kufaulu. Ondoa Dini ya Kiislamu katika hesabu yako. Kinabaki Kiswahili, Kiarabu, Historia na Baiolojia. Kiarabu ni somo la lugha, hakiingii kwenye fungu la dini. Kwa hiyo unayo manne. Visiwani kwetu wapo wengi wanaojiona wana manne, kumbe moja ni Dini, na wanakuja kuambiwa hivyo wakati ada ya maombi wameshailipa. Wewe hapo umesalimika, ila huna la akiba, kwa hiyo soma masharti ya kila kozi neno kwa neno. Zipo zinazotaka somo fulani kwa jina.

Shauri la mwalimu wako ni zuri lakini limekuja kabla ya wakati wake. Ualimu una masharti mazito zaidi. Bara, kwa mfano, aliyemaliza kidato cha nne hutakiwa awe na divisheni ya 1 mpaka ya 3 ndipo aombe chuo cha ualimu. Huku kwetu waulize SUZA wenyewe, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wakwambie wanataka nini kwa mwaka unaoombea, wala usitegemee aliyesoma zamani akuhadithie. Kama ualimu ndio unaouota kweli, njia yako ni kurudia baadhi ya masomo ukiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, na usajili wake hufungwa mapema sana kabla ya hapo. Hili unaweza kulifanya huku unasoma jengine, kwa hiyo liweke pembeni kwanza.

Sasa nikuulize mimi. Unataka kukaa na mtoto wa umri gani? Hukulisema hilo, na bila ya hilo hakuna mtu anayeweza kukuchagulia kozi. Kazi ya watoto tunaiita kwa jina moja, lakini aliyefunzwa upande mmoja anaweza kukaa upande wa pili akawa hajui ashike wapi.

Kuna kazi ya watoto wachanga mpaka miaka mitatu. Hii inakua hasa mijini, kwa sababu likizo ya uzazi ya miezi mitatu ikimalizika mama anarudi kazini, na bibi wa kumwachia mtoto siku hizi naye yuko sokoni au dukani kwake. Hapa utashughulika na maziwa ya mama yaliyokamuliwa, yanahifadhiwa vipi na kwa muda gani. Utajifunza kumlaza mchanga chali, si kifudifudi. Utajua uji unaanza lini na mzito kiasi gani, na kwa nini yule wa mwaka na nusu anauma wenzake. Zaidi ya yote utajifunza kile ambacho wataalamu wanakiita malezi yenye mwitikio: mtoto akitoa sauti unamjibu, akikutazama unamtazama, akilia unajaribu kujua analilia nini kabla ya kumtia chuchu ya plastiki mdomoni. Ukiona kozi inaitaja MMMAM, yaani Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, hapo ndipo inapolenga, ingawa MMMAM yenyewe inakwenda mpaka miaka minane.

Kuna maandalizi, watoto wa miaka minne na mitano. Zanzibar tuliiingiza elimu ya maandalizi kwenye mfumo rasmi kwa Sera ya Elimu ya mwaka 2006, na msimamizi wake ni Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali. Anayekaa darasa hilo anatambulika kuwa ni mwalimu, na ajira ya Serikali inaombwa kwa ushindani kama ajira nyengine, kwa sifa za karatasi. Cheti cha ulezi peke yake hakikufikishi huko. Kinaweza kukuingiza kwenye nasari ya mtu binafsi ukiwa msaidizi wa mwalimu, na hapo mshahara ni makubaliano yenu, mara nyingi mdogo.

Halafu kuna nyumba za watu na mahoteli. Hoteli za Nungwi, Kendwa, Kiwengwa na Paje zinapokea wageni wenye watoto, na baadhi zina klabu za watoto. Huko watakuuliza Kiingereza kabla hawajakuuliza cheti, na huduma ya kwanza kabla hawajakuuliza nadharia ya makuzi. Waajiri wa majumbani wanauliza nani anakujua.

Ukishajua unakwenda upande gani, tuiangalie kozi ya miezi mitatu.

Siisemi vibaya kwa ufupi wake. Miezi mitatu iliyofundishwa vizuri inaweza kukupa usafi, lishe, huduma ya kwanza na namna ya kupanga siku ya mtoto, na kwa aliyekwishapata kazi ya nyumbani hiyo ni faida kubwa. Kinachonitia wasiwasi ni ile ahadi ya hotelini na Oman. Kituo cha mafunzo na wakala wa ajira ni biashara mbili, na ya pili inahitaji leseni ya Serikali. Waombe waionyeshe. Wakisema wanashirikiana na wakala, muombe jina la wakala huyo kisha ukaliulize kwenye ofisi ya kazi. Nenda mwenyewe, usitosheke na simu. Na kuhusu Oman, wanaoondoka kwa jina la kulea mtoto wengi hukuta kazi yote ya ndani inawasubiri, kupika, kufua na kupiga pasi, na mtoto juu yake. Kama ndiyo safari unayoitaka, hiyo ni hiari yako, ila usitie saini mkataba usioweza kuusoma, ujue jina la mwajiri na mshahara kabla ya kupanda ndege, na pasipoti yako usimpe mtu akuwekee. Kozi isiwe ndiyo sababu ya safari.

Ada usitoe kabla hujakiona kituo na kuongea na mwalimu wake uso kwa uso. Mimi nikifika mahali kama hapo silabasi siiombi kwanza. Silabasi nzuri inanakiliwa popote. Namuuliza mwalimu maswali ya watoto wetu, nione anajibu vipi.

Muulize: mtoto wa miezi minane amekabwa na punje ya ubuyu, mnafundisha nini? Mwalimu anayejua hatasema “mpige mgongoni” halafu akanyamaza. Atakuonyesha kwa mikono yake: unamlaza kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kimeshuka chini kuliko kifua, unampiga mara tano katikati ya mabega kwa kiganja. Haikutoka, unamgeuza na kumbonyeza kifua mara tano, kisha unarudia. Aliyepita mwaka mmoja, badala ya kifua unabonyeza tumbo, juu ya kitovu. Na kidole hakiingizwi kooni kutafuta kitu usichokiona, kwa sababu unakisukuma ndani zaidi. Kama mwalimu hana hata mwanasesere wa kuonyeshea, hapo mtajifunza kwa kuandika daftarini, na siku ya siku mikono haitajua pa kwenda. Ubuyu, karanga, pipi na kokwa la shokishoki linaloteleza ndivyo vitu vinavyopita mikononi mwa watoto wa Zanzibar. Kozi iliyonakiliwa kutoka nchi nyengine itakuonya juu ya zabibu na soseji, na ya huku kwetu haiyataji.

Muulize na la pili: mtoto kanywa mafuta ya taa yaliyotiwa kwenye chupa ya soda, mnafanya nini? Jibu sahihi ni kwamba hatapishwi, wala halazimishwi maziwa, anapelekwa hospitali mara moja. Mafuta yakirudi juu yanaweza kuingia kwenye mapafu, na madhara yake hapo ni makubwa kuliko yakibaki tumboni. Nakuhakikishia wapo watu wazima wenye vyeti watakaokwambia umpe maziwa. Aliyeungua uji, aliyefunzwa vizuri atasema maji ya bomba ya baridi yanayopita juu ya jeraha kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala yai. Anayeharisha apewe maji ya chumvichumvi kila anapokwenda choo, aendelee kunyonya, na apelekwe kituo cha afya akapate vidonge vya zinki, ambavyo humezwa siku 10 mpaka 14 hata kama kuharisha kumekoma. Mwalimu akiyumba kwenye haya, shukuru uondoke. Huduma ya kwanza unaweza pia kuitafuta peke yake kwa Chama cha Msalaba Mwekundu, ambacho kina watu wake Zanzibar, ukaiongeza juu ya kozi yoyote utakayosoma.

Kuna somo jengine linaloachwa kabisa kwenye kozi fupi, nalo ni kumlinda mtoto dhidi ya udhalilishaji. Tunayo Sheria ya Watoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, na mlezi anayelipwa anapaswa kuijua angalau kwa misingi yake. Anapaswa kuzijua dalili, kujua asimhoji mtoto mara kumi kumi, asimkogeshe wala kumbadilisha nguo kabla hajaonwa na daktari, na kujua pa kumpeleka: kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini, kama kile cha Mnazi Mmoja au cha Chake Chake, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au simu ya watoto, 116, ambayo ni bure. Nimewahi kukaa na wahitimu waliofundishwa nyimbo arubaini na hawakufundishwa namba hiyo moja. Nyimbo utazipata tu, hata kwa watoto wenyewe. Na ujue kwamba mwajiri makini naye atakukagua wewe: atataka hati ya tabia njema kutoka polisi na barua ya sheha wako. Usiichukulie kuwa ni kukudharau.

Linalonipa jibu haraka kuliko yote, hata hivyo, ni mafunzo kwa vitendo. Uliza ni wiki ngapi, ni wapi, na nani atakuwa anakuangalia ukiwa huko. Vituo vingi vinajibu “tunawapeleka field”, wakikusudia kwamba utatafuta mwenyewe nasari ya jirani, ukae mwezi, urudi na barua yenye mhuri. Katika mwezi huo pengine umefagia, umegawa uji, umeshika watoto mwalimu alipotoka. Hakuna aliyekuona ukifanya kazi, hakuna aliyekwambia hapa umemharakisha mtoto, hapa ulipaswa kungoja. Kazi hii hujui umekosea wapi mpaka mtu aliyeizoea akae nyuma ya chumba akutazame. Kozi yenye msimamizi anayekuja kukuangalia zaidi ya mara moja, akaandika alichokiona na mkakizungumza, nitaichagua hata kama jengo lake ni la bati na ile nyengine ina kompyuta na viyoyozi. Na kama umeamua watoto wachanga, hakikisha vitendo vyenyewe ni vya watoto wachanga. Kuna vyuo vinavyofundisha kuhusu miaka sifuri mpaka mitatu darasani kisha vinapeleka wanafunzi wote maandalizi kwa sababu maandalizi ndiyo yaliyo karibu.

Kwa hili la vitendo Zanzibar tuna bahati ya kuwa na mahali pa kujionea. Mpango wa maandalizi ya madrasa, ulioanzia Mombasa miaka ya 1980 kwa msaada wa Aga Khan Foundation na kufika kwetu mwaka 1990, umefundisha walimu wa vijijini kwa miaka mingi, Unguja na Pemba, wengi wao wakiwa wanawake wa mtaani waliochaguliwa na jamii zao. Waliwafundisha kugawa chumba kwa pembe za michezo na kutengeneza vifaa kwa vifuu, makumbi, mbegu na vitambaa, na kuyachanganya hayo na Qur-ani na mila zetu badala ya kuzitupa. Baadaye, kwenye miaka ya 2000, vikaja vituo vya Tucheze Tujifunze, vile watu wanaviita TuTu, vilivyotumia vipindi vya redio kumsaidia mlezi asiye na mafunzo makubwa. Tafuta skuli ya maandalizi au TuTu iliyo karibu na Wete, muone mwalimu mkuu, na kama anataka barua nenda kwa sheha. Omba ujitolee asubuhi kwa wiki kadhaa kabla hujaigusa pesa ya kaka yako. Watoto wawili wa dada yako wanakujua, wanakuogopa na wanakupenda. Watoto ishirini wa watu wengine hawakujui, na saa nne asubuhi mmoja anatapika, wawili wanagombea mpira na mmoja yuko mlangoni anataka kwao. Wapo wanaogundua siku ya tatu kwamba wanapenda watoto lakini hawaipendi kazi, na hakuna aibu hapo, ila ni bora kuligundua bure.

Sasa karatasi. Shika cheti chochote unachoonyeshwa, utazame nani amekitoa. Kuna cheti cha kuhudhuria, ambacho kinasema tu ulikuwepo. Kuna cheti cha kituo chenyewe, ambacho nguvu yake inaishia kwa watu wanaokijua kituo hicho. Na kuna cheti kilichotolewa chini ya mamlaka ya Serikali, ambacho kinatambulika hata ukihama kisiwa. Kwa mafunzo ya amali, yaani ufundi stadi, hapa Zanzibar mwenye sauti ni Mamlaka ya Mafunzo ya Amali. Kwa vyuo vya kati ni NACTVET, na kila chuo kilichosajiliwa kina namba yake ambayo unaweza kuiangalia kwenye orodha yao mtandaoni. Usajili wa biashara au wa jumuiya si usajili wa mafunzo, hata ukiwa umetiwa fremu ukutani pale mapokezi. Na kuangalia jina la chuo peke yake hakutoshi. Chuo kinaweza kusajiliwa kwa kozi ya ushonaji au ya utawala na kikaongeza ulezi pembeni bila idhini. Iangalie kozi yenyewe.

Wewe uko Wete, na kituo cha amali cha Daya Mtambwe hakiko mbali nawe. Sikutumi ukasome pale. Nakutuma ukawaulize uso kwa uso ni vituo gani vya Zanzibar vimeidhinishwa kufundisha ulezi wa watoto mwaka huu, kwa kuwa orodha hubadilika. Ukiwa tayari kuvuka kwenda Bara, Taasisi ya Ustawi wa Jamii yenye makao Dar es Salaam ina kampasi yake Kisangara, wilaya ya Mwanga mkoani Kilimanjaro. Uliza huko nafasi za malezi na makuzi ya awali ya mtoto. Lakini piga hesabu ya njia: Wete hadi Mkoani, boti hadi Unguja, boti tena hadi Dar, kisha basi mpaka Mwanga, na likizo unarudi hivyo hivyo.

Ndiyo maana nasema pesa ya kaka yako isitazamwe kwa ada tu. Waombe muundo wa ada kwa maandishi, wote: usajili, ada ya muhula, mtihani, kitambulisho, sare, vifaa vya vitendo, nauli za vitendo, dakhalia na chakula. Kozi ya miezi mitatu ya mjini inaonekana rahisi mpaka uongeze kodi ya chumba na dalala kwa wiki kumi na mbili, na ukifika mwisho huna cha kuendelezea. Muombe kaka alipe kwa muhula, moja kwa moja kwa akaunti ya chuo, na risiti azishike yeye. Anayekulipia kwa masharti ya mara moja tu mara nyingi anaogopa pesa kupotea, na akiona risiti na matokeo ya muhula wa kwanza moyo wake hulainika. Kaka zetu tunawajua.

Kwa unayoniambia, mimi ningekwenda na rafiki yako: cheti cha mwaka mmoja cha malezi na makuzi ya awali ya mtoto, ngazi ya 4 ya NACTVET, chenye vitendo vinavyosimamiwa. Sababu kubwa ni kwamba kina ngazi ya juu yake. Ukifaulu ngazi ya 4 unaweza kuendelea na ya 5, na kisha ya 6 ambayo ndiyo diploma, na unaweza kusimama katikati, ukafanya kazi, ukajilipia mwenyewe unaporudi. Kozi ya miezi mitatu ukiimaliza umeimaliza. Nitabadili shauri langu kwa jambo moja tu: kama kuna mwajiri wa kweli, unayemjua kwa jina, anayekungoja na anataka huduma ya kwanza na malezi ya mchanga basi. Hapo soma fupi, fanya kazi, weka akiba, na cheti cha mwaka kikufuate.

Na lile la kurudia mtihani usilisahau. Kiingereza kwanza. Hata usipokwenda ualimu, Kiingereza ndicho kitakachokutoa kwenye mshahara wa nasari ya mtaani kwenda hoteli au skuli inayopokea watoto wa wageni.

Umeuliza kama miaka ya watoto wa dada inahesabika. Kwenye maombi ya chuo cha NACTVET hapana, pale wanatazama masomo. Mbele ya mwajiri inahesabika, ila kwa namna utakavyoisimulia. “Nilikuwa nalea watoto wa dada” haimwambii mtu kitu. Mwambie uliwapokea wakiwa na umri gani, nani aliyewapeleka kliniki, yupi alichelewa kusema na ulifanya nini, siku yao ilikwendaje kuanzia asubuhi mpaka dada aliporudi. Kadi zao za kliniki ziko ndani, na zina tarehe. Dada yako akuandikie barua, aiweke saini na namba yake ya simu, kama mwajiri yeyote. Upande wa ufundi stadi kuna utaratibu wa kutambua ujuzi alioupata mtu nje ya darasa, Bara unafanywa na VETA, mamlaka yao ya ufundi stadi, kwa fani kadhaa. Ukienda Daya kuuliza lile la vituo, uliza na hili pia: kama ulezi umo, na mtu anapimwa vipi. Nenda asubuhi, uwe na nakala ya matokeo yako, na jina la kila anayekujibu liandike pembeni ya jibu lake.